Tairi Mpya za Mume Wangu Zinanitia Wasiwasi

Jina langu lifungieni kabatini, hata herufi ya kwanza isitoke, kwa sababu huku kwetu Bomet gazeti moja linasomwa na kilima kizima. Mimi ni mama wa miaka thelathini na miwili, nina watoto wanne, chai kidogo, ng'ombe wawili na mume mwenye pikapu. Hiyo pikapu ndiyo inaninyima usingizi.

Mzee wangu si mtu mbaya. Hanipigi, hanywi, na kanisani anakaa mbele. Lakini mimi nimezaliwa na dereva. Marehemu baba aliendesha trekta kwenye shamba kubwa la chai upande wa Kericho, na sisi watoto wake tulijua tairi kabla ya kujua kusoma. Alikuwa anachukua njiti ya kiberiti, anaingiza kichwa chake kwenye mfereji wa tairi. Kichwa kikizama chote, twende. Kikibaki nje, tafuta tairi ingine. Na ukiona nyuzi za ndani ya mpira, alisema, shuka utembee, hata kama ni gari ya harusi yako.

Tairi zetu zilikuwa zimeisha, zinang'aa kama kipara. Mvua iliyopita gari iliteleza kwenye mteremko ikaingia kwenye chai ya jirani na mikebe ya maziwa juu. Mungu alisaidia, hakuna aliyeumia. Nikapiga kelele mpaka mzee akachoka. "Haya basi, nimesikia! Nitanunua zingine."

Hakwenda dukani. Alikwenda Chepseon kwa mtu wa rika lake anayeuza tairi. Ninyi msiotoka huku mnielewe: wanaume waliotahiriwa pamoja wakakaa menjo moja, ile nyumba ya kufichwa vijana, ni zaidi ya ndugu wa tumbo moja. Kitu alichokupa mtu wa menjo yenu hukigeuzigeuzi. Ukikagua, umemwita mwizi. Mzee akarudi na tairi nne nyeusi tititi, meno yote nje.

Mimi nikazizunguka. "Mzee, mbona hazina nywele?"

"Nywele? Kwani tairi ni kondoo?"

"Zile nywele ndogo za mpira. Tairi mpya huwa nazo."

"Wewe uliingia menjo gani mpaka umkague rika yangu?"

Akiwa ndani anakula nilichukua njiti ya kiberiti nikapima. Kichwa kilizama chote. Nikajiambia, mwanamke wewe una roho ya shaka, omba Mungu akusamehe.

Wiki hiyohiyo nikaosha gari pale mtoni. Povu likatoka jeusi, na mikono yangu ikanuka rangi ya viatu. Rangi ya viatu kwenye tairi, wapi na wapi! Nikainama nikatazama chini kabisa ya mifereji, nikaona nyuzi. Mtu alichukua tairi zilizokwisha, akazichonga kwa kisu cha moto, akazipaka rangi na kuziita mpya. Bora hata zile tulizotupa.

Nilimwita mzee aone. Akainama, akatazama kidogo tu, wala hakushangaa. Hilo ndilo linanisumbua mpaka leo, kwamba hakushangaa. "Ni rangi ya kiwandani," akasema, akaenda kufungua ng'ombe. Nikafikiri labda ni aibu. Akizirudisha, amemuumbua rika yake. Akizitoa aweke zingine, rika huyo hupita kwetu kunywa mursik, maziwa yetu ya kibuyu, kila mara na ataona.

Tangu hapo namchunguza. Watoto alikuwa anawashusha shuleni asubuhi, sasa anawaambia Mungu amewapa miguu. Mama yake alipougua, alimtafutia gari ya jirani, eti yake inachemka. Inachemka, na kesho yake ilibeba mahindi na wanaume juu ya magunia! Nilijaribu kutoona, lakini macho hayana pazia.

Sasa shule zikifunga, sisi akina mama wa kanisa tunakwenda mkutano Londiani pamoja na watoto wanaoimba. Mimi ndiye mwenyekiti. Wenzangu walikuja nyumbani kuomba gari, na mzee akawajibu vizuri sana. "Mama zangu, mtafika kama mliokaa sebuleni." Wakapiga vigelegele. Walipotoka tu, akanigeukia.

"Wewe hutaenda. Ng'ombe anakaribia kuzaa."

"Huyo atazaa baada ya Krismasi, na wewe unajua."

"Basi baki na watoto."

"Watoto wamefanya mazoezi ya nyimbo muda wote huu, mzee, niwaambie nini?"

Akapiga meza. "Nimesema hakuna mtoto wangu atapanda hiyo gari!"

Nikamuuliza polepole, "Na watoto wa wenzako?" Akachukua kofia yake. Akiwa mlangoni aliniambia nikifungua mdomo huko kanisani nifunge na virago vyangu, nirudi kwa mama yangu.

Jamani, anajua. Alijua tangu siku ile ya mtoni, na pengine tangu Chepseon. Ameona afadhali kuficha aibu ya rika kuliko kuokoa watu, mradi damu yake imebaki nyumbani. Mimi namwogopa mtu huyu ninayempikia. Na nikitangaza, watu watasema nimemvua nguo mume wangu mbele ya kanisa, watoto wangu wanne watalelewa na nani?

Jana mama mmoja, rafiki yangu wa kuchuma chai, aliniomba nimwekee kitinda mimba wake nafasi ya mbele karibu na dereva, eti kule ni salama zaidi. Nikasema sawa. Nilisema sawa! Nishaurini kabla shule hazijafungwa: nifungue mdomo nivunje nyumba yangu, ama nisimame kando ya barabara nimeshika mikono ya wanangu, nikiwapungia wa wenzangu?