Chapa ya Mguu wa Kuku

Siku ya kwanza katika karakana ya visu pale Ndosho, Patroni, mwenye karakana, hakunipa nyundo ya kufulia. Alinionyesha kigoda kando ya fuawe, kile chuma kizito tunachofulia juu yake, akanitia mkononi kipande cha chuma kilichochongwa mguu wa kuku kwenye ncha. Hiyo ndiyo ilikuwa chapa yake.

"Ulisoma mpaka wapi?"

"Primere tu, papa."

"Inatosha. Kuku haina diplome."

Visu tulivifua kwa resori, zile bamba za chini ya lori. Chapa hupigwa kisu kikiwa bado chekundu, kabla ya kukizima katika mafuta. Kikishakuwa kigumu, chapa inateleza. Unapiga mara moja. Ukirudia, kuku anaota vidole vya ziada.

Sheria ya pale ilikuwa hii: aliyefua kisu hakipigi chapa. Mwingine anakitazama, na kikiwa kibaya anakitupa kwenye pipa bila maelezo. Kazi hiyo ilinifaa, kwa kuwa haikutaka maneno. Visu vya wafuaji wengine nilitupa vingi. Cha Patroni sikutupa hata kimoja.

Baadaye macho yake yaliingia ukungu, naye mfuaji anafanya kazi kwa kutazama rangi ya chuma motoni. Chuma kikirusha cheche, kimeungua. Kitaonekana kizuri, lakini kitavunjika.

Siku moja mama muuza nyama ya mbuzi alikuja kuchukua kisu chake. Patroni alikitoa motoni kikirusha cheche, akakifua, akakiweka mbele yangu.

"Piga."

Kingevunjika juu ya mfupa, kingeondoka na kidole cha mama. Ningekikataa, ningefukuzwa, na sikuwa na kazi nyingine.

"Papa, hii imeungua."

Patroni aliwageukia wafuaji wengine.

"Kumbe huyu anasemaka! Siku zote anakunywa chai yangu kimya, leo anafungua kinywa mbele ya kiliya aliyekuja kununua!"

"Papa, mie nilikuja kwa kisu," mama akasema, "sikukuja kusikiliza palabre zenu."

Patroni alikizima, akakigonga ukingoni mwa fuawe. Kikakatika. Ndani kulikuwa na chembe kubwa kama sukari, alama ya chuma kilichoungua. Alizipapasa kwa kidole gumba, muda mrefu.

"Toka kwa hicho kigoda."

Nilichukua koti langu.

"Unaenda wapi? Kamata nyundo. Mama anangoja."

Akaketi mahali pangu. Nilikuwa nimejifunza kufua kwa mabaki ya chuma, wengine wakila. Nilifua polepole, na hakuna aliyenicheka.

"Rangi gani?" Patroni akauliza.

"Ya nyanya, papa."

"Leta."

Alikipapasa kwa ncha ya chapa, akapiga mara moja. Mguu wa kuku ulilala upande. Nikakizima katika mafuta.

Tangu hapo kazi ya chapa niliiacha; sasa ni ya Patroni. Vijana wanaoingia sasa huniuliza kwa nini simwambii kwamba anapiga upande. Mama yule bado anakata mbuzi kwa kisu kile. Chapa iliyolala haimkati mtu kidole.