Kitufe Ambacho Ubao Hauna

Nilitumia wiki mbili nzima kuifundisha kompyuta yangu inipunguzie kazi ya nusu dakika. Mimi huandika programu, naifanyia kazi hiyo mezani kwangu, nyumbani mtaa wa Komarock, Nairobi, na programu ile ninayoandikia ni ya namna ambayo ukiijua lugha yake unaibadilisha utakavyo. Mimi naijua, ndiyo shida. Basi nikaitungia kitu: unaandika herufi mbili, unabonyeza kitufe cha Tab, nayo inakumalizia mstari mzima. Siku ya mgao wa maji mitungi ilijaa ikamwagikia jirani wa chini, na mimi niko palepale nabonyeza Tab na kujichekea. Fundi!

Ningebaki na ufundi wangu peke yangu, hakuna ambaye angeumia. Lakini mke wangu alikuwa anajifunza kazi hiyohiyo. Chekechea aliyokuwa akifundisha kule Njiru ilikuwa imefungwa, na kwa miezi minane, watoto wakishaenda shule, alikaa kwenye meza yangu akisoma. Aliandika polepole, anakosea, anafuta, anaguna. Mimi siwezi kumwona mtu akihangaika nikanyamaza. Nikamwekea kile kitu changu kwenye kompyuta yake.

"Baba watoto, wacha kwanza nijue mwenyewe," alisema.

"Ujue nini? Siku hizi nani anakariri haya mambo? Wewe bonyeza Tab."

Akabonyeza. Baada ya hapo akawa mwepesi ajabu, nami nikatembea kifua mbele nikijiita mwalimu.

Akaitwa intavyu, ofisi moja mjini, kazi aliyoitamani mpaka akawa anaitaja kwenye sala ya chakula. Blauzi nilimpigia pasi mimi mwenyewe. Alirudi kabla ya saa nane mchana, akavua viatu mlangoni, akakaa bila kuuliza nani amekula.

"Hawakunipa kompyuta," alisema. "Walinipa kalamu ya ubao. Wakaniambia niandike programu ndogo ya kusoma faili, ile tumefanya hapa mara mia. Nikaandika herufi mbili. Halafu nikasimama."

"Ukasimama?"

"Nikasimama nikingoja ubao umalizie."

Hapo mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikasema, "Lakini si hiyo ni rahisi?" na nikaanza kumweleza. Alinitazama, akavuta daftari la hesabu la kitinda mimba wetu, akafungua ukurasa mtupu, akaweka kalamu juu yake.

"Andika."

Kazi hii nimeifanya miaka kumi na mmoja. Niliandika herufi mbili kwa mbwembwe. Kisha, Mungu ni shahidi, kidole changu kidogo cha kushoto, kile cha kubonyezea Tab, kikagonga meza. Kikagonga tena. Nikazikodolea macho zile herufi kama mtu aliyesahau jina la mama mkwe, naye mama mkwe amesimama mbele yake. Hakuna kilichokuja.

Mke wangu alicheka. Alicheka akashika mbavu, akaniita fundi wa Tab, akajilaza kwenye kochi. Na katikati ya hayo akaanza kulia, wala sikujua kicheko kiliishia wapi. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Mimi nilikuwa na kazi tayari, kusahau kwangu hakukuniondolea kitu. Yeye alikuwa na siku hiyo moja, na mimi ndiye niliyemharibia.

Kazi hawakumpa. Ujumbe ulikuja Ijumaa, wa adabu sana, mistari miwili tu.

Jumatatu, watoto walipotoka, alikaa mezani akaniambia niondoe kila nilichomwekea. Nikaondoa. Akaanza ile programu ya kusoma faili toka mwanzo, herufi kwa herufi, na kwenye mstari wa tatu akakosea. Kosa lenyewe nililiona nikiwa nimesimama mlangoni. Nikafungua mdomo.

"Usijaribu," alisema bila kugeuka.

Nikaingia jikoni nikaosha sufuria iliyokuwa safi, nikingoja aniite. Ilimchukua karibu saa nzima kuligundua lile kosa. Nilimsikia akishusha pumzi, kisha vitufe vikaanza tena, haraka haraka. Alilirekebisha, akaendelea na kazi yake, wala hakuniita.