Kiazi ndani ya Kisanduku cha Idaho

Sisi tuliokulia Husby, mtaa wa wahamiaji huko Uswidi, enzi za kadi za simu za kukwangua tulijua kutafuta. Ukitaka kujua jambo, ulivaa buti ukatoka nje. Watoto wa siku hizi mtandao ukikatika dakika mbili tu, wanakaa kama wamefiwa.

Kiangazi kimoja mtu fulani alificha visanduku vya plastiki msituni, nyuma ya majengo yetu, kimoja kwa kila jimbo la Marekani. Mchezo wenyewe uliitwa geokashing: kifaa kidogo cha satelaiti kinakuonyesha njia, nawe unapekua mizizi na mawe mpaka ukione kisanduku. Ndani mna kijitabu cha kuandika jina lako, na kadi yenye habari moja ya jimbo hilo. Kifaa tulikiazima kwa mwalimu wetu. Mimi na mdogo wangu Desi tulirudi jioni tunanuka matope, tumejaa habari: Alaska ilinunuliwa kwa Warusi, Rhode Island ndilo jimbo dogo kuliko yote. Tulimsimulia mama kwa Kiswidi, naye akatujibu kwa Kiswahili huku akikoroga maharage, bila kugeuka. Aligeuka siku Desi alipotaja Idaho.

Idaho ndiko alikopelekwa mama mdogo Domitila. Tulitenganishwa naye kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, sisi tukaletwa Uswidi, yeye akaenda Marekani. Simu yake ilikuwa imenyamaza tangu majira ya baridi, na kila mama alipokwangua kadi mpya, sauti ile ile ya mashine ilimwambia namba haipo. Nilikuwa nimemwonyesha ramani ya maktaba. Aliitazama sana, kisha akasema, "Hii haisemi watu wa huko wanakula nini."

Sasa akaweka mwiko chini. "Nitafutieni hicho kisanduku."

Tulikitafuta Jumamosi tatu. Mbu walitula, Desi akakalia kichuguu cha sisimizi, na kisanduku hatukukiona. Jumamosi ya nne mama akaja mwenyewe, japo wiki nzima alikuwa amesimama kazini akitunza wazee, kitenge amekifunga juu ya suruali ya mvua. Ni yeye aliyekiona, chini ya gogo la msonobari. Sisi tulikuwa tunatazama kifaa, yeye alitazama chini.

Nikamsomea kadi: Idaho hulima viazi kuliko jimbo lingine lolote la Marekani.

Mama akakaa kwenye gogo. Yeye na mdogo wake walizaliwa kwenye milima ya baridi ya Burundi, wakapalilia viazi kabla hawajajua kusoma. "Basi hajapotea," akasema. "Yuko mahali anapopajua." Akalia, nasi tukaona haya, tukajifanya tunahangaika na kifuniko. Kwenye kijitabu hakuandika jina lake. Aliandika Domitila.

Kesho yake akarudi msituni peke yake. Kwao mtu akikuletea kitu chema ndani ya chombo, ni aibu kumrudishia chombo kitupu. Kwa hiyo mama aliweka kiazi kimoja, amekiosha vizuri. Wiki mbili baadaye mwenye visanduku aliandika mtandaoni, kwa ile adabu ya Waswidi, akiomba watu wasiweke chakula Idaho. Nilitamani ardhi inimeze. Nilipomsomea mama, aliuliza tu, "Ameshukuru?"

Domitila alipiga simu mwenyewe karibu na Krismasi. Alikuwa amepata namba yetu kwa watu wa kanisa. Mama hakumuuliza alikuwa wapi muda wote ule. Alipiga kelele, "Mnakula viazi huko?"

"Kila siku, dada! Mpaka nimechoka!"

Sijawahi kumwona mama akicheka vile, machozi yanamtiririka shavuni.

Juzi binti yangu aliiuliza simu yake Idaho kuna nini. Jibu lilikuja kabla hajamaliza kuuliza, akasema "jaha", yaani "kumbe" ya Kiswidi, akaendelea na mambo yake. Sisemi ni vibaya. Domitila tunamwona usoni kwenye simu kila Jumapili, na nashukuru. Ila niliichukua ile simu, nikaigeuza huku na huku, nikakosa mahali pa kuweka kiazi.