Jina la Baba Mkwe

Zamani pale dirishani kwetu zahanati kulikuwa na daftari kubwa lililoliwa pembe na mende, na mimi karani wake. Mgonjwa nilimjua kwa fimbo yake, kwa kikohozi chake, hata kwa mbwa aliyemfuata. Kisha ikaja bima mpya ya kaya, na pamoja nayo kishikwambi. Sikatai, bima ni nzuri: watu waliokuwa wakiuguza homa nyumbani kwa kukosa hela sasa wanakuja. Ila kishikwambi hakijui fimbo. Kinataka jina au namba ya kadi, la sivyo faili halifunguki na dirisha la dawa halitoi hata panadoli.

Asubuhi moja bajaji ilishusha mzee na mwanamke, wafugaji waliohamia kijiji cha Sigino kulima. Mzee pumu ilikuwa imembana, neno halimtoki. Nesi akamkalisha, mimi nikamwomba mwanamke kadi. Akasema iko kwenye koti la mume, na mume yuko machungani, simu haipatikani. Basi jina la mzee? Akatazama sakafu. Nikarudia. Akavuta shuka lake begani. Subira sikujaliwa, nikamwambia mbele ya foleni nzima kwamba huenda kaokota tu mzee stendi. Watu wakacheka. Yeye machozi yakamlenga.

"Dada," akasema taratibu, "ni baba mkwe wangu. Kwetu mke halitaji jina la mkwe. Nisaidie, asinifie."

Kicheko kilinikauka. Niliona aibu kweli. Nikafungua orodha ya bima ya kitongoji chao, nikaanza kumsomea majina ya wazee, moja moja. Kila jina alitikisa kichwa. Nilipofika la tisa hakutikisa. Alijifunika uso kwa shuka. Nikabonyeza hapohapo, dawa ikatoka. Kufika saa sita mchana mzee alikuwa anadai chai.

Mwezi uliofuata walirudi kuchukua dawa. Kadi, kama kawaida, iko machungani. Nikashika kishikwambi tayari kusoma orodha, lakini mwanamke, ambaye darasani hakuwahi kukaa, akanitajia namba yote ya kadi, tarakimu kwa tarakimu, bila kukosea. Binti yake wa shule ya msingi alimfundisha wakikamua ng'ombe. Akasema hataki tena mzee akose pumzi akisubiri jina.

Namba ya kadi yangu mimi, hadi leo siijui.