Kivuli cha Mkwaju Kilichochorwa kwa Chaki

Tarehe 11 Februari 2001, mshonaji wa sare za shule alihamia kwenye kiwanja cha robo eka ambacho wanunuzi wanne walikuwa wamekikagua na kukikataa. Kilikuwa mteremko wa mawe na miti. Jembe lilipogonga ardhi, lilitoa cheche.

Leo mteremko huo una matuta kumi na moja, kila moja limezungushiwa mawe yanayofika magotini. Penye jua kuna mchicha, bamia na nyanya. Chini ya mkwaju mkubwa ulio nyuma ya nyumba kuna matuta manne ya tangawizi, manjano na magimbi.

Hasemi kwamba alianza vizuri. Mwaka wa kwanza aliajiri watu wawili wakakata miti kumi na minne kwa siku mbili, ili jua liingie. Mvua zilipofika hapakuwa na mizizi ya kushika udongo. Wiki tatu tu, mwamba ukabaki kipara.

“Nililinyoa shamba,” anasema. “Mume wangu akaniletea kijiko, akaniuliza kama bado nahitaji jembe.”

Alitumia miaka sita kuurudisha udongo kutoka kwenye mtaro wa barabarani, katika mifuko ya turubai aliyoishona mwenyewe. Pia alijiwekea sheria: hakuna tawi litakalokatwa kabla kivuli chake hakijapimwa mwaka mzima. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, saa tatu, saa sita na saa tisa, hutoka na chaki ya kushonea na kuchora juu ya mawe mpaka wa kivuli. Kisha hunakili alama hizo kwenye daftari, mvua isije ikazifuta. Majirani walimpa jina la Mama Chaki. Tangu aweke sheria hiyo amekata miti miwili.

Mwezi uliopita nyumbani kwake hakukukalika. Kipande cha tawi kavu la mkwaju kilitoboa bati la chumba cha kushonea, kikaanguka hatua moja kutoka kwenye cherehani. Mumewe, dereva wa lori mstaafu, alitaka mti wote uangushwe.

“Mama watoto, mti huu hauna adabu. Leo bati, kesho kichwa.”

“Kichwa changu nakijua kilipo. Ukiangusha mkwaju, yale matuta manne yamekwenda. Jua litayakausha, na mvua itabeba kilichobaki.”

Mume alimwita fundi wa msumeno. Fundi aliuzunguka mti mara moja.

“Huu wote chini, mama. Kazi ya siku moja.”

“Umepanda juu ukauangalia?”

“Miaka kumi na tisa naangusha miti. Mti naujua nikiwa hapa hapa chini.”

“Na mimi miaka thelathini nashona. Sijawahi kumkatia mtu kitambaa kabla ya kumpima. Panda uupime. Shina likiwa bovu, liangushe, sitatia neno.”

Mume alicheka. “Panda tu, fundi. Mimi nimeishi naye muda wote huo na sijashinda kesi hata moja.”

Fundi alipanda na nyundo. Aligonga kuanzia juu, kila nusu mita. Mama Chaki alisimama chini, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Tawi lililoelekea kwenye bati lililia kama debe tupu. Shina, mpaka chini kabisa, lilijibu kwa sauti nzito.

“Tawi bovu,” fundi alisema alipotua. “Shina zima kabisa.”

“Rudia, huyu hakusikia.”

“Nimesikia,” mumewe alisema. “Na mtaa mzima umesikia.”

Ndipo Mama Chaki alipoleta daftari. Kivuli cha tawi lile alikuwa ameshamaliza kukipima mwaka mzima: likiondoka, jua litaongezeka kwenye tuta moja tu, tena kuanzia saa tisa. Tangawizi ya pale itahamishiwa karibu na shina. Fundi alisoma kurasa tatu akiwa wima, kisha akauliza kama anaweza kumleta mkewe aione bustani. Mama Chaki alimwambia amlete asubuhi, wakati matuta yote yanaonekana vizuri.

Jumamosi saa mbili fundi atarudi na kamba na mwenzake mmoja. Watalishusha tawi lile kwa vipande, na mkwaju utabaki.