Kicheko Kilichofutwa Kwenye Kanda

Wiki hii, katika maktaba moja hapa Busia, dada mmoja aliegemea kaunta akaomba kanda ya mamake. Maktaba hiyo huwarekodi wazee wakisimulia maisha yao, na kanda huazimwa kama vitabu. Mama huyo, muuza samaki wadogo aina ya omena huko Malaba, alizikwa mwezi uliopita.

"Nataka tu kumsikia akicheka."

Mhudumu akaitia kwenye redio. Ikaimba kwaya. Akageuza upande wa pili. Kwaya.

"Pole, dada. Tulivunja vidude vya juu ya kanda ili isirekodiwe tena, lakini kuna mtu ameziba matundu yake kwa karatasi, akarekodi kwaya juu ya sauti ya mama."

"Na sauti yake haiwezi kurudi?"

Akatikisa kichwa.

Nilikuwa nyuma ya dada huyo, nikisoma gazeti kwa bidii. Kwaya ile ni ya kanisa letu. Karatasi ile niliikunja mimi, nikijiona mjanja.