Aliyemnywesha Mume Wangu Chai ya Mnanaha

Wewe uliyekaa hapo, nisikilize mpaka mwisho kabla hujatoa hukumu, maana waliohukumu bila kusikiliza nimeshawapata wa kutosha. Jambo hili limenitokea mimi, kwa macho yangu haya, hapa hapa Woolwich, mwezi wa kumi mwaka juzi. Sikuota. Sikuwa na homa. Wala sikuwa nimetia kitu mdomoni. Hilo la mwisho nalikazia, kwa sababu wifi yangu Asha amewatangazia watu kuanzia Kingsbury mpaka Chake Chake kwamba nililewa majani yangu mwenyewe.

Kwanza nikueleze mmea wenyewe, polepole, maana usipouelewa hutaelewa chochote.

Mnanaha una maua meupe marefu kama tarumbeta, na hufunguka jua likishazama. Kwetu Pemba ni mmea wa waganga. Anayeula akili humruka, akaona watu wasiokuwepo na kuzungumza nao. Na unaua. Usije ukadanganywa na mtu kwamba kuna kiasi kidogo kisicho na madhara, hakuna. Bibi yangu aliulea nyuma ya nyumba maisha yake yote, na hakuwahi kuonja hata ncha ya jani. Alisema faida ya mnanaha humwendea anayeulea, anayeula hana lake.

Nilikuja kuamini maneno yake nikiwa mtu mzima. Mama yangu alifariki Wete wakati karatasi zangu zimekwama kwa watu wa uhamiaji, Croydon, nikashindwa kwenda kumzika. Baada ya hapo usingizi ulinikimbia. Nilikuwa nikitoka zamu kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, nakaa kitandani natazama dari mpaka saa ya kuamka. Siku moja nikaingia duka la maua, nikaukuta mnanaha umepangwa pamoja na mawaridi, umebandikwa kikaratasi cha kuonya watu wavae glavu. Kumbe Waingereza wanaupanda kwa urembo tu! Nikaununua, nikaupeleka kwenye kishamba changu cha kukodi cha halmashauri, ndani ya kibanda cha vioo. Msimu ulipokwisha nikaokota mbegu zake, nikaanza upya kwa mkono wangu.

Nikwambie kilichonipata? Mbegu zile zinakaa wiki tatu, nne, wewe unatazama udongo mtupu. Huwezi kuzikemea, huwezi kuziharakisha. Unamwagia maji kitu usichokiona, na siku kinapotoa shingo unacheka peke yako kama mwendawazimu. Nilijifunza kungoja. Nilijifunza kukaa na huzuni bila kuipigia kelele. Mwaka wa pili nikawa nalala. Ukitaka kuamini amini, sijapata dawa iliyonifaa kama ile ya kuamka nikijua kuna kitu hai kinaningoja mimi. Mume wangu Suleimani, dereva wa basi, alikuwa akinitania kila nikivaa mabuti: "Haya nenda, mke mwenzio anakusubiri. Msalimie."

Sasa sikiliza sharti lake. Bibi alinifundisha kwamba kabla ya kuugusa mnanaha unapiga hodi, kisha unajitambulisha kwa jina lako na jina la mama yako. Katika mambo ya uganga mtu hatambuliwi kwa baba, hutambuliwa kwa aliyemzaa. Unalitaja kwa sauti ya chini, ukiwa peke yako. Sikio jingine lisisikie, kwa sababu mwenye jina la mama yako, penye mmea ule, amekushika wewe mzima. Nililijua sharti hilo tangu nina miaka saba. Ndiyo maana hasira yangu ya kwanza ni juu yangu mwenyewe.

Jioni ile ilikuwa baridi, pumzi ikitoka mdomoni kama moshi. Maua mawili yalikuwa yanafunguka. Nikasikia salamu nyuma yangu, kwa Kipemba safi. Nikageuka. Mlangoni pa kibanda alisimama mwanamke wa rika langu, kanga imechungulia chini ya koti lake zito.

"Hujambo shoga. Huo mnanaha huo?"

Nikamwambia ndio. Moyo ulinifunguka, sikufichi. Ni nani hapa London anayeujua mnanaha kwa jina?

"Umeulea ukaleleka," akasema. "Una mkono wewe. Kwani wewe mtoto wa nani vile?"

Kama wewe ni mtu wa visiwani unalijua swali hilo. Kila Mpemba akikutana na Mpemba, iwe harusini, iwe kituo cha treni, ndilo la kwanza. Ni adabu tu. Ukikataa kujibu unaonekana una lako jambo. Nikamtajia baba.

"Baba nimemsikia," akasema, anacheka. "Mama je?"

Tangu mama afe hakuna mtu aliyeniuliza habari zake. Watu walinipa pole, wakageukia biriani. Na huyu alikuwa ameinamisha kichwa ananisubiri, kama mtu anayetaka kusikia kweli. Nikalitaja jina, nimesimama pale pale mbele ya maua. Nikaongeza na la bibi.

Akalirudia jina la mama yangu mara tatu, taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi. Kisha akasema, "Haya, nimekujua," akaondoka. Hapo ndipo nilipogundua kwamba muda wote tuliozungumza, moshi wa pumzi ulitoka mdomoni mwangu tu.

Nikaugeukia mmea. Matawi ya chini hayakuwa na majani. Yalikuwa yamekatwa safi, na yule mwanamke hakuwa amevuka kizingiti.

Nilifunga kibanda, nikapanda kilima hadi nyumbani karibu nikikimbia. Nikafungua mlango kwa ufunguo wangu. Suleimani alikuwa kwenye kochi, kikombe mkononi, anatazama mpira.

"Umeshatoka tena?" akaniuliza. "Mbona umebadilisha nguo?"

"Nguo gani? Ndio naingia."

"Ebo! Si sasa hivi umenipa chai hapa? Chungu kidogo, lakini tangawizi imekolea."

Nilikipiga kile kikombe kikaruka mpaka ukutani. Alikuwa ameshakunywa nusu. Jikoni sufuria ilikuwa bado inatoa mvuke, na ndani yake, pamoja na tangawizi, yalielea majani niliyoyamwagilia mimi.

Nikapiga simu ya dharura. Gari lilipofika, midomo ya Suleimani ilikuwa imekauka, mboni za macho zimepanuka mpaka jicho limekuwa jeusi, na alikuwa anachuma vitu hewani kwa vidole. Niliwaambia wale vijana wa gari jina la mmea, nikawapa na majani ndani ya mfuko. Sikuficha kitu. Daktari mmoja aliniambia baadaye kwamba majani yale ndiyo yaliyowasaidia kujua cha kufanya.

Siku ya pili wifi yangu akaja. Hakunisalimu. Alisimama katikati ya ukumbi wa hospitali, mkoba kwapani.

"Nani amempa kaka yangu hiyo chai?"

"Wifi, nisikilize..."

"Sikusikilizi! Mwenyewe anasema ni mke wake. Katika kuweweseka kwake kote, hilo tu ndilo haligeuzi. Ama kweli, mchawi hata umpeleke Ulaya atatafuta pa kulima!"

Ningesema nini? Kwamba yule mwanamke wa kibandani alikuja kwangu na uso wangu? Jaribu kulisema hilo mbele ya wifi. Jaribu kumwambia afisa aliyekuja na daftari lake. Jirani yangu wa kishambani, mzee wa Kijamaika, alithibitisha kwamba jioni ile aliniona kule na hakuniona nikitoka mpaka giza lilipoingia, na maneno yake ndiyo yaliyoniokoa nisilale ndani. Lakini aliongeza jambo. Alisema alinisikia nikizungumza peke yangu, nauliza na kujibu, na sauti zote mbili zilikuwa zangu. Asha alilidaka hilo, akalisambaza kwenye kundi la simu la ukoo mzima kabla hata sijafika nyumbani.

Siku ya tatu Suleimani akarudiwa na akili. Akaushika mkono wangu, akaugeuza, akavitazama vidole. Kucha zangu zilikuwa na udongo bado. Tangu jioni ile sikuwa nimejitazama. Akaanza kulia.

"Yule alikuwa na kucha safi," akasema. "Niliziona aliponipa kikombe. Nikanyamaza."

"Kwa nini ulinyamaza?"

"Alikuwa ananichekea. Nikasema moyoni, leo mke wangu karudi vizuri."

Hapo ndipo hasira yangu ilipo mpaka leo. Miaka kumi na tisa nimemfulia, nimempikia, nimepoteza mimba mbili mikononi mwake, na mtu asiyetoa pumzi amemshinda kwa tabasamu moja! Nilimkasirikia Asha kwa ulimi wake, nikamkasirikia yule kiumbe kwa kulila jina la mama yangu, lakini vyote hivyo havilingani na maneno yale. Na ni kweli. Mwaka ule wote niliutabasamia mmea, nyumbani nikaja na uso wa zamu.

Suleimani alipona, ila macho yake hayasomi vizuri maandishi madogo, na basi ameacha. Asha hagusi chakula changu. Akija anakuja na chupa yake ya maji. Yeye na ukoo walinishikia bango ning'oe mnanaha. Sikuung'oa. Mmea haukumwendea mtu. Niliyemfungulia mlango yule kiumbe ni mimi. Nimetia kufuli mbili kwenye kibanda, nauhudumia kimya, na nikimaliza naosha viganja, udongo wa kuchani nauacha, nakwenda nyumbani kumtazama mume wangu usoni.

Wewe unayetamani kulea mmea mzito kama huu, lea, kuna raha ndani yake na Mungu ni shahidi. Usiuonje. Usimwonjeshe mtu. Na ukiwa penye mmea, mtu akikuuliza wewe mtoto wa nani, hata akiwa na lafudhi ya kwenu, mwambie mtoke kwanza mpaka barabarani penye watu na taa.

Kisha ukifika kwako usiingie kwa ufunguo. Mimi sasa siingii kwa ufunguo. Suleimani huja mlangoni, akatazama vidole vyangu kwanza, halafu uso, na siku nyingine hukawia sana kufungua. Nangoja. Nawe fanya hivyo hivyo: bisha hodi mlangoni pako, usimame, ungoje mpaka mwenzio akutazame vizuri na akufungulie mwenyewe.